Mwenye Kubadili Filta Avute Kwanza

Vijana wangu wa karakana, najua mkiniona ninapita mnaniita Mzee wa Upepo. Nasikia. Masikio yangu yalikaa miaka mingi karibu na kompresa, lakini hayajafa kiasi hicho. Jina lenyewe nimelipenda, basi endeleeni nalo. Leo nawaandikia kwa sababu ya kitu nilichokiona kwenye kamba yenu ya nguo, na mliokuwepo mtanivumilia, maana nataka na wasiokuwepo wakielewe.

Nilikuwa nakwenda sokoni, nikapita nyuma ya karakana yenu hapa kambini Dzaleka. Kwenye kamba, katikati ya suruali ya Innocent na kitenge cha mtu nisiyemjua, kulikuwa na kitu cheupe cha mviringo, kirefu kama chupa ya bia, kimebanwa kwa vibanio viwili na kinachuruzika maji ya sabuni. Mwingine angedhani ni kichezeo cha mtoto. Mimi nilisimama palepale. Ilikuwa elementi, ile roho ya ndani ya filta, inayosafisha upepo wa kompresa kabla haujafika kwenye kofia ya mpiga mchanga. Na nilijua kofia ile itavaliwa na nani. Jumatatu yake Espérance alikuwa aanze kupiga mchanga, yaani kuvirushia kwa nguvu ya kompresa mpaka kutu itoke, vitanda vya chuma vilivyochakaa, ndani ya kile chumba chenu cha mabati.

Nikaita, "Nani amefua hii?"

Innocent akatoka anatabasamu, mikono imejaa povu. "Njo mimi, Papa Déo! Ilikuwa nyeusi kabisa. Nilitia sabuni ya unga, nikasugua na burosi. Ona sasa vile inang'aa!"

"Na ile filta ya tatu, ya mwisho?"

"Ile ya makala? Niliona imechoka, nikaifungua, nikamwaga uchafu yote, nikaweka makala mupya. Nilitwanga mi mwenyewe mu kinu."

"Makala gani, mwanangu? Mkaa wa wapi?"

"Ya mu jiko, Papa. Makala si ni makala tu?"

Nilikaa juu ya tairi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Innocent naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Halafu nilimwona Espérance ndani akiijaribisha ile kofia kichwani, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki, na kicheko kikanikauka. Kifua kile ni cha binti wa miaka ishirini na kitu. Kinatakiwa kimfikishe uzeeni.

Sikumgombeza Innocent. Ningemgombezaje? Mtu aliyekimbia na watoto mgongoni hujifunza kutotupa kitu. Tunafua mifuko ya nailoni, tunanyoosha misumari iliyopinda, kopo la maziwa linakuwa taa. Kuona kitu kichafu na kutokukifua, kwetu ni kama uvivu. Na neno makala tunalo sisi watu wa Kivu, wanalo na Wamalawi, sote tunapikia hayohayo. Kama ningekuwa yeye, ningetwanga makala vilevile.

Mimi mwenyewe sikuzaliwa na kompresa. Bukavu nilikuwa fundi cherehani. Upepo niliojua ni ule wa kujaza tairi. Nilipofika Malawi, siku zile ambapo mtu wa kambini aliweza kulala Area 36, mtaa wa mjini, wiki nzima na kurudi Dzaleka Jumamosi, nilipata kibarua Kanengo, kule kwenye viwanda, katika yadi moja ya kusafisha matangi na chasisi za malori kwa mchanga. Kazi yangu ilikuwa kubeba mchanga. Aliyepiga mchanga, na aliyekuwa mkubwa wetu, alikuwa Mmalawi mfupi, mnene wa shingo, mwenye sauti kama ya mhubiri wa sokoni. Tulimwita Bambo Nkhoma, yaani Baba Nkhoma.

Kila kitu nilicho nacho kichwani kuhusu upepo nilipewa na yeye. Nasema wazi ili mjue shukrani ziende wapi.

Kaka yake Bambo Nkhoma alipiga mchanga kabla yake, mdomo umefungwa kitambaa tu. Vumbi la mchanga ule ni laini kuliko unga, na likiingia kifuani halitoki. Yule kaka alikufa kwa kukohoa, angali kijana. Kwa hiyo Bambo Nkhoma alikataa kuingia kazini bila kofia inayoletewa upepo kwa mpira, na alikataa kuivaa kofia mpaka mtu mwingine aivae kwanza. Mtu huyo alikuwa yule aliyebadili au kukagua filta. Hiyo ilikuwa sheria yake moja tu isiyo na majadiliano: mwenye kubadili avute kwanza. Mwenye yadi alisema ni kupoteza muda. Bambo Nkhoma akamkabidhi kofia, akamwambia basi avae yeye, na mjadala ukaishia hapo.

Siku moja aliyekuwa akishughulikia filta hakuja kazini. Bambo Nkhoma akanionyesha mimi kwa kidole. Nilikuwa na Kichewa cha kuombea nsima, ugali wao, na kusema zikomo, asante, zaidi ya hapo ni kutikisa kichwa. Akanionyesha kwa mikono jinsi ya kumwaga maji yaliyokusanyika chini ya filta, nikamwaga. Akanivika kofia. Nikavuta pumzi. Ilinukia kidogo kama cherehani iliyopakwa mafuta mengi, nami nikaona ni harufu ya nyumbani, nikafurahi. Nilipoivua akanitazama machoni akauliza:

"Mpweya wauma?"

Mpweya nilishalijua, ni upepo, ni hewa. Wauma nililisikia kwa Kiswahili. Nikaona mzee ana huruma huyu, anauliza kama upepo unaniuma. Nikajishika kifua, nikajibu kwa adabu, "Haiumi, Bambo."

Akakunja uso. Akaenda akafungua koki za maji zote, akasubiri, akanivika kofia tena. "Mpweya wauma?"

"Haiumi! Haiumi hata kidogo!"

Kadiri nilivyozidi kumhakikishia ndivyo alivyozidi kununa. Matangi yamepangwa, mchanga umejazwa, watu wamesimama mikono kiunoni, na mimi natabasamu kama bwana arusi. Mwishowe akazima kompresa, akafungua vikombe vya filta kimoja kimoja. Cha kati, kinachokamata mafuta, kilikuwa kimejaa. Elementi yake imelowa, imekuwa nyeusi, na tundu la chini la kumwagia limezibwa na tope la mafuta. Ukungu wa mafuta ulikuwa unapita moja kwa moja kwenda kwenye kofia. Angepiga mchanga siku nzima akiuvuta ule. Alinigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema "Zikomo, zikomo kwambiri," mbele ya watu wote. Kuanzia siku ile sikubeba mchanga tena. Alitangaza yadi nzima kwamba yule Mkongo hadanganyi, hata wote wakimngoja.

Nilijiuliza nimefanya nini cha kushukuriwa. Jibu nilikuja kulipata msimu wa mvua, nyumbani kwake Area 36, aliponialika kula. Mkewe alikuwa ameanika nguo barazani, akamwuliza binti yake, "Zauma?" Binti akazigusa shati na kanga, akajibu, "Zauma!" na kuanza kuzianua. Nikashangaa nguo zinauma vipi. Nikamwuliza mama, naye akanipa shati mkononi nilishike. Lilikuwa kavu.

Kavu! Kwao kuuma ni kukauka. Mzee alikuwa akiniuliza kama upepo umekauka, kwa sababu upepo wa kompresa hutoka na maji na mafuta, na kazi ya filta ni kuukausha na kuusafisha. Na mimi niliposema "haiumi", yeye alisikia "ayi", yaani hapana, halafu "uma". Hapana, haujakauka. Nilimweleza yote palepale, sahani ya nsima magotini. Halafu alicheka hadi mkewe akaja kuangalia kama amepaliwa. Alipopata pumzi akaniambia nisibadilishe jibu. Kila asubuhi akiniuliza, nimjibu vilevile haiumi, ili asisahau kufungua koki na kuhakikisha. Tulifanya hivyo miaka yote tuliyokuwa pamoja. Wageni walidhani ni sala.

Sasa nisikilizeni, nitawaambia mambo ya mkono kabla sijasahau nilikokuwa nakwenda.

Filta za upepo wa kuvuta zinakaa kwa mstari. Ya kwanza inakamata maji na vumbi. Ya pili, ile ya mafuta, ina nyuzi laini sana zinazokusanya ukungu wa mafuta mpaka unakuwa matone, yanaanguka chini. Ukiisugua kwa burosi unazipasua nyuzi hizo, na macho hayataona tundu lolote. Itakuwa nyeupe kama shuka ya harusi na haitashika kitu. Elementi hizi hazifuliwi. Hazipulizwi. Zikichoka zinatupwa, hata kama roho yako ya mkimbizi inalia.

Geji iliyo juu ya filta ikienda kwenye nyekundu, elementi imeziba. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba geji ikirudi ghafla kwenye kijani bila wewe kubadili kitu, usishangilie. Huenda elementi imepasuka na upepo unapita bila kusumbuliwa na mtu. Bambo Nkhoma alikuwa akiiona kijani ya namna hiyo anasonya.

Ya tatu ndiyo ya makala, na hiyo geji haisemi lolote juu yake. Ni makala yaliyotengenezwa kiwandani, yenye vijitundu visivyoonekana, yanayonasa harufu na mvuke wa mafuta. Ya jiko hayana uwezo huo, na vumbi lake lingekwenda moja kwa moja kifuani mwa Espérance. Hiyo inabadilishwa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, usingoje ikulalamikie. Kanengo tulikuwa na msaidizi wetu: msimu wa mnada wa tumbaku, harufu yake inatanda eneo zima, mpaka nguo zinanukia. Ndani ya kofia ilitakiwa usisikie kitu. Bambo Nkhoma akisikia tumbaku humo ndani, anajua makala yamekwisha na tumechelewa, anavua kofia na kunitazama tu.

Na moshi wa injini ni jambo jingine. Sumu yake haina harufu, na filta zetu hizi tatu haziikamati. Kwa hiyo mdomo wa kompresa unaovuta hewa ukae mbali na jenereta na malori. Niliwahamishia wenu siku ileile, mkanung'unika kwamba mpira haufiki. Ukafika.

Lingine, msifungue kikombe cha filta upepo ukiwa ndani. Tulikuwa na Mrundi mmoja pale yadi, Melkior, mtu wa haraka sana. Alifunga valvu, hakumwaga upepo uliobaki, akaona kikombe kigumu kufunguka, akaleta spana na bomba la kuongezea nguvu. Kikombe kikaruka kama kilikuwa na miadi huko juu, kikatoboa bati na hatukukiona tena. Melkior alibaki ameshika spana, anasema polepole, "Nilizania imekwisha." Lile tundu Bambo Nkhoma alikataza lisizibwe. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo. Kila mgeni akija anasimamishwa chini yake, anaambiwa atazame juu, anaelezwa. Melkior mwenyewe ndiye alikuwa mwelezaji, na kila mwaka kikombe kiliruka juu zaidi. Kikombe kikigoma kufunguka kwa mkono, kinakwambia upepo bado uko ndani. Kiamini.

Turudi kwenye kamba ya nguo.

Niliwaambia Jumatatu hakuna kazi. Espérance hakufurahi. Alikuwa ameshatangaza kwao, mama yake ameshaushona mkono wa ovaroli uliochanika. Akasimama mbele yangu akasema, "Papa Déo, mi siogope. Bantu banafanya na kitambaa tu kila siku."

Nikamjibu, "Sikuulizi kama unaogopa. Muulize Innocent. Yeye alibadilisha, yeye avute kwanza."

Innocent akaichukua kofia. Akaigeuza, akaichungulia ndani. Nilimwambia avute kwa nusu saa tu, huku kompresa inawaka, upepo upite kwenye nyuzi alizosugua na makala aliyotwanga. Uso wake ulibadilika taratibu. Akaiweka kofia chini, akamtazama Espérance, akasema, "Hapana. Nilikuwa nakupatia we kitu yenye mi siwezi kuvaa." Nilimpenda kijana yule wakati huo. Kuna watu wazima hawajawahi kufika hapo.

Nikampigia Bambo Nkhoma. Amestaafu, anaishi palepale Area 36, anafuga kuku na kugombana nao. Nilimweleza aina ya filta zenu, nikamsomea maandishi ya ubavuni. Nilipofika kwenye makala ya kinuni akaniomba nirudie, akamwita mkewe naye asikie. Kisha sauti yake ikawa ya kazi. Akauliza nani atavaa kofia. Nikamwambia ni binti. Akasema nisimruhusu aiguse mpaka yeye atakaponipigia. Kesho yake mzee yule, ambaye magoti yanamsumbua, alikwenda mwenyewe Kanengo kwenye duka la vipuri akachagua elementi tatu kwa mkono wake, akampa dereva anayeijua njia ya kuja Dowa, wilaya yetu. Kutoka barabarani mpaka karakana zililetwa na kijana wa kabaza, zile baiskeli za abiria, amezifunga nyuma pamoja na kuku wawili ambao Bambo Nkhoma aliona nawahitaji.

Innocent alibadilisha, mimi nikakaa kwenye tairi mikono nimeifunga nyuma ili isimsaidie. Alizima kompresa, akafunga valvu, akamwaga upepo mpaka sindano ya geji ikalala sifuri. Kikombe kikafunguka kwa mkono. Akakifuta ndani kwa kitambaa safi, akakagua mpira wa duara wa kuzibia, akaupaka grisi kidogo sana. Elementi mpya akaishika kwenye ncha, vidole visiguse mwili wake. Akaangalia mshale wa upepo unakoelekea, akaangalia tena. Akakaza kwa mkono, si kwa hasira. Akafungua upepo polepole huku akipaka povu la sabuni kwenye viungo, kuona kama kuna panapovuja. Nilimwambia sabuni yake imepata kazi inayoifaa.

Halafu akavaa kofia bila kuambiwa.

Nilikuwa nimempigia Bambo Nkhoma na kuiweka simu sauti ya wote, maana alitaka kuwepo. Kompresa ilinguruma, Espérance alisimama pembeni anauma kucha, na Innocent alikaa ndani ya kofia muda mrefu kuliko nilivyotaka. Alipoivua, alikuwa ametota jasho lakini macho yalikuwa mazima. Akakitega kitambaa cheupe mbele ya mdomo wa mpira wa upepo, akakitazama, akatuonyesha. Cheupe, kikavu.

Sauti ya mhubiri ikatoka kwenye simu: "Mpweya wauma?"

Mjue kwamba Innocent amefika juzi tu kutoka Kivu. Kichewa chake ni zikomo na nsima. Na hadithi ya wauma nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote hapa. Nilikaza midomo. Innocent akajishika kifua kwa mkono, akainamia simu kwa heshima yote aliyofundishwa na mama yake.

"Hapana, Baba. Haiumi. Haiumi hata kidogo."

Halafu mzee akapiga kelele kwenye simu, kwa Kichewa na kwa Kiswahili nilichomfundisha: "Tsegulani! Déo! Fungua koki!"

Innocent alikimbilia koki ya chini akaifungua. Ilitoka pumzi kavu, ikampuliza kiganja, hapakuwa na tone. Espérance akaichukua kofia, akaivaa, akafunga kamba chini ya kidevu, akaingia kwenye chumba cha mabati. Tukasikia mchanga unaanza kugonga chuma.

Kwenye simu, Bambo Nkhoma alikuwa anacheka. Yule ni mtu aliyesimama ndani ya mchanga karibu maisha yake yote ya kazi. Niliibandika simu sikioni, nikageukia ukuta ili msinione, nikamsikiliza. Alicheka na kucheka, akanyamaza, akakumbuka, akaanza upya, na hakukohoa hata mara moja.